Mbwa wa Kwenda Longido

Mbwa aliyenyeshewa ananuka vibaya, hilo halina ubishi. Lakini mimi nikipita mtaa wa Sakina baada ya mvua, na mbwa wa mtu akajikung'uta karibu nami, husimama nikavuta pumzi kama mtu anayepita jikoni kwa shangazi yake. Mke wangu husema elimu imeniharibu. Huenda. Ila harufu hiyo hunirudisha Oldonyo Sambu, enzi za Mdachi, nilipokuwa na miaka tisa hivi, mbwa wanne, na mpango mmoja ambao mpaka leo nauona bora kuliko yote niliyobuni baadaye nikiwa na shahada.

Mpango wenyewe ulitokana na picha. Mwalimu wetu, Mdachi wa misheni aliyetujia kwa nyumbu mara mbili kwa wiki, alituonyesha ukurasa wa gazeti. Mbwa walikuwa wamefungwa kamba wawili wawili. Nyuma yao kulikuwa na kigari kisicho na magurudumu, na hapo alisimama mtu aliyejifunika manyoya hata usijue kama ni mtu au mzigo. Alisema huko kaskazini ya dunia watu hushindana namna hiyo, siku nyingi mfululizo, juu ya theluji. Theluji tuliijua. Asubuhi chache za mwaka ilikuja kileleni mwa Meru kama mgeni, na kule Kilimanjaro ilikaa kama mwenye nyumba. Lakini kukimbia juu yake! Mwalimu akaeleza jinsi vidole vya watu vinavyoganda na kuwa vyeusi, jinsi upepo unavyofuta njia, na barafu ya mto inavyopasuka chini ya gari. Mtu husinzia amesimama. Akipiga kambi, hata kama meno yanagongana, hulisha mbwa kwanza, kisha huwakagua nyayo mmoja mmoja, maana mbwa akichubuka safari imekwisha. Tena huwavika viatu.

"Wanabeba nini?" niliuliza.

"Hawabebi kitu."

"Basi wamepotelewa na ng'ombe?"

"Hapana," alisema Mwalimu. "Wanapenda tu."

Darasa lilicheka mpaka nyumbu akainua masikio. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshikilia neno lake jingine: kwamba mbwa wale humaliza kwa siku moja mwendo ambao mtu angeutembea kwa siku nne.

Siku nne ndizo zilizokuwa zikininyima usingizi. Dada yangu Naserian alikuwa ameposwa na watu wa ng'ambo ya Longido, mwendo wa siku nne kwa miguu, na baba alikuwa amekubali aondoke mwezi mpya ukiandama. Naserian ndiye aliyenilea. Alinibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikaanza kuburuta chini. Mtoto akinipiga, alimpiga yule mtoto, kisha akanipiga na mimi kwa kupigwa. Sikuwa na picha yoyote ya dunia ambayo yeye hakuwamo.

Kwa hiyo nilimpelekea mpango.

"Utakuwa unaondoka kwako asubuhi," nilimweleza, "jioni unakula hapa."

"Kwa mbwa hawa? Ero, kijana wee, juzi mbwa wako Narok alimkimbia mbuzi."

"Hakumkimbia. Alikuwa anamwongoza."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha kicheko kikakatika, akanitazama.

"Siku moja, kweli?"

"Mwalimu kasema."

Akainuka, akaingia ndani, akatoka na ngozi ya ng'ombe.

Hapo mimi mwenyewe niliogopa. Ile ilikuwa ngozi yake ya kulalia, ambayo yeyo, mama yetu, alikuwa ameikwangua na kuilainisha kwa majuma mengi. Nyumbani kwetu binti hakutoka kwenda kwa mume bila ngozi iliyopita mikononi mwa mama yake.

"Yeyo atatuua," nilisema.

"Atakuua wewe. Mimi ng'ombe wangu wa mahari wameshakuja."

Akaitandaza mavumbini manyoya yakiwa juu, akaipaka chini yake mafuta ya kondoo ili iteleze. Alipaka kwa ukarimu, kiganja juu ya kiganja. Mimi nilikuwa nimekata viatu kumi na sita vya mbwa kutoka mabaki ya ngozi, nikaviweka chini nikatafute kamba. Niliporudi vilikuwa vimebaki vitatu, na Narok alikuwa akikitafuna kimojawapo huku akinitazama kwa heshima zote. Tukakubaliana kwamba mbwa wetu wana nyayo ngumu.

Tulianzia juu ya mteremko, pale ambapo vumbi la kijivu la mlima ni laini kama unga. Naserian alikaa kwenye ngozi amekunja magoti. Mimi nilisimama nyuma yake kama yule mtu wa gazetini, nikapiga ukelele.

Wasomaji wangu, tulikwenda! Sitaki mtu anipunguzie hapo. Mbwa wanne walivuta kwa pamoja, kamba zikakaza, ngozi ikanguruma, na tukashuka kama maji ya korongo. Vumbi lilinijaa mdomoni. Mwiba ulinichana paja nisiusikie. Mbele yetu tambarare ilikuwa wazi mpaka Longido, na Naserian alikuwa akipiga kelele ambazo sikujua kama ni za furaha, "Wakaze! Wakaze!" Katika pumzi zile chache nilimwelewa kabisa mtu anayeacha vidole vyake kwenye barafu bila kubeba kitu.

Kisha mteremko ukaisha. Mwendo ulipopungua, harufu ya mafuta iliwafikia mbwa. Narok aligeuka wa kwanza. Nimesoma mengi baadaye juu ya mashindano yale, lakini sijasoma popote kwamba mbwa walirudi nyuma wakala gari.

Yeyo alitukuta nikivuta upande mmoja na mbwa wanne upande wa pili. Nilichapwa kwa namna ambayo ilimtia hata Narok huruma. Baba alituma neno ng'ambo ya Longido kwamba harusi isubiri ngozi nyingine, na kuandaa ngozi ni kazi ya mwezi mzima. Mwezi huo Naserian alinipeleka kila mahali, kuni, maji, malishoni, akinisimulia mambo moja baada ya jingine, kama mtu anayetunga shanga. Kisha akaondoka. Muda si muda Wadachi na Waingereza wakaanza kupigana kwenye njia ileile, na njia ikafungwa.

Nilipofika kwake nilikuwa kijana mwenye ndevu. Alikuwa na watoto wanne na sauti nzito. Tulipokwisha kula, nilimuuliza jambo lililokuwa limenijia njiani.

"Ulijua kwamba wangeila ngozi?"

"Ero, nani asiyejua mbwa na mafuta?"

"Mbona basi ulipanda?"

Akamfunga mwanawe ushanga uliolegea.

"Nilitaka kwanza nione kama watafika," alisema.

Miaka yote nilijihesabu mwendeshaji, na kushindwa kule nikakuita kwangu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, sikuweza kuuona uso wake. Yeye ndiye aliyekuwa mashindanoni, akishindana na mwezi, na alipoona hatafika alijipatia siku thelathini, akanipa mimi karibu zote.

Niliondoka kwake alfajiri, kwa miguu. Siku nne za njiani hazikunitosha kulitafakari jibu lake.