Mpima unga amekonda

Leo nimelishwa ugali na mkimbizi. Mimi, ninayepima unga wa mgao hapa kambini!

Wiki tatu nakula samaki wa migebuka na mchicha tu, ili gauni la harusi ya mdogo wangu lifunge zipu Jumamosi. Asubuhi lilifunga.

Saa saba akaja Mama Aline, bibi wa Kirundi niliyempimia juzi, na sahani ya ugali.

"Yooo, mwanangu, umekwisha! Kula."

"Mama, nimekonda kwa hiari."

"Kwa hiari?" Akaigeukia foleni. "Jamani, njaa imempanda kichwani!"

Foleni nzima ikasimama kunitazama nikimeza.

Unga wenyewe ni wa mgao wake. Wewe ungekataa?

Nimemaliza sahani. Wameshapangiana zamu za kunilisha mpaka Jumamosi.