Gari Lililogoma Jumatano

Gari letu la kwanza lilikuwa likigoma siku ya Jumatano. Jumamosi liliwaka, kwa kujivuta kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi, lakini liliwaka. Jumatano ukizungusha ufunguo ulisikia mlio mmoja mkavu, basi. Na Jumatano na Jumamosi ndizo siku za soko la Tengeru, na soko hilo ndilo lililotulisha.

Kiwanda nilichokuwa natunza stoo yake mjini Arusha kilikuwa mali ya serikali. Kilipouzwa, mwenye mali mpya alitupunguza wengi kwa mkupuo. Nilirudi nyumbani Akheri na kiinua mgongo na sanduku la vitabu vya ufundi nilivyokuwa nimevinunua barabarani, kimoja kimoja, kwa miaka mingi. Mke wangu ni mtu wa Kilimanjaro, amekulia nyuma ya meza ya biashara ya mama yake, na hakukubali ile pesa ilale. "Ikilala tutaila," alisema. Tukanunua pikapu iliyokwisha kutumika Japani, nyeupe, yenye maandishi mlangoni ambayo hakuna mtu Akheri nzima aliyeweza kuyasoma. Miaka ile barabara ya Moshi ilijaa magari ya namna hiyo, na nyuma ya mengi yao kulikuwa na mtu aliyepunguzwa kazi.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Alfajiri ya siku ya soko tulipanda juu, kwenye njia za migombani, tukapakia mikungu ya ndizi na viroba vya maparachichi vya akina mama waliokaa kando ya njia wakitusubiri. Zamani mizigo hiyo waliishusha kichwani. Mimi niliendesha, mke wangu akapatana nao bei na kuuza. Ilikuwa biashara yake. Mimi nilikuwa dereva wake, na sikuona ubaya.

Mama yangu aliishi nyumba ya chini, katika kiwanja chetu. Siku gari lilipofika tulimwita mchungaji, akaweka mkono juu ya boneti na kuomba. Alipomaliza, mama alifungua kanga akatoa zawadi yake: msalaba wa plastiki nyekundu, mkubwa kama kiganja, wenye vitaa vidogo ndani na waya mweusi unaochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Aliununua mjini kwa mmachinga. Wakati ule vitu vya plastiki kutoka ng'ambo vilikuwa vimemwagwa kila pembe ya mji, na mama alikuwa amevipita vyote mpaka akauona huo. Aliubandika mwenyewe juu ya dashibodi, akauchomeka.

"Uwake daima," alisema. "Uwalinde wakitoka na wakirudi."

"Ahsante mama, umetupendezeshea gari," mke wangu alisema.

Baada ya hapo, kila tuliporudi sokoni tuliliingiza gari kwenye banda na kulifunika turubai, kwa sababu ya umande na majimaji ya migomba ambayo yakikauka kwenye rangi hayatoki.

Gari lilipoanza kugoma nilifanya nilichofundishwa na vitabu: nilianza na kilicho rahisi. Nilisugua vichwa vya betri mpaka vikang'aa. Nikaipeleka betri mjini kwa fundi wa umeme wa magari. Akaipima, akasema ni nzima. Nikampelekea gari, akapima alteneta, akasema inachaji vizuri. "Gari lako halina ugonjwa," aliniambia. "Labda lina hasira." Nikarudi nalo nyumbani, na Jumatano iliyofuata halikuwaka.

Tuliposhindwa hivyo tulilisukuma mpaka kwenye mteremko ili liwake likishuka, na kila mara jirani yetu mwenye lori dogo aina ya Canter alitoka kutazama. Mizigo tuliyoiacha ndiyo aliyoibeba.

"Profesa!" aliita. "Leo tunasukuma au tunasali?"

"Sukuma kwanza," mke wangu alimjibu. "Sala yako hatujui itafika wapi."

Alicheka na kusukuma, si mtu mbaya. Lakini Canter yake ilitutangulia kupanda, na tulipofika juu, nusu ya akina mama walikuwa wamekwisha kumpa mizigo. Sikuweza kuwalaumu. Ndizi iliyokosa soko la Jumatano ni ya kula mbuzi. Hapo ndipo watu walipoanza kusema gari lile lina mkosi wa Jumatano, na wengine wakaogopa hata kupanga mikungu yao mahali tulipozoea kusimama.

Kitabu kimoja kilikuwa na kipimo rahisi. Unachomoa waya wa hasi kwenye betri, na kati ya waya na betri unaunganisha taa ndogo. Gari likiwa limezimwa na milango imefungwa, taa haitakiwi kuwaka. Ikiwaka, kuna kitu kinaendelea kunywa umeme wakati gari limelala. Nilikifanya kipimo hicho tena na tena, na kila mara nilianza kwa utaratibu uleule: nilinawa mikono, nikauchomoa msalaba wa mama, nikaufunga kwenye kitambaa safi na kuuweka mbali, usije ukapata grisi. Ndipo nikafungua boneti. Taa haikuwaka hata mara moja.

Jioni moja mke wangu aliniuliza, "Na vitu vya humo ndani umeviangalia?"

"Vitu gani?"

"Vya humo ndani." Alitazama upande wa nyumba ya chini, kisha akatazama sufuria yake.

"Redio nimeiangalia. Ni nzima."

"Haya," alisema, akaendelea kukoroga.

Baadaye sana aliniambia kwamba siku ile alikuwa amesema yote ambayo mkwe anaweza kusema. Mimi sikumwelewa. Gari la kiwandani nililolizoea, tundu lile la sigara lilikufa ukishatoa ufunguo, nami nilichukulia kuwa magari yote yako hivyo. Tena mchana vile vitaa havikuonekana kama vinawaka au la, na usiku vilikuwa chini ya turubai. Lakini zaidi ya hayo, msalaba wa mama haukuwa kwenye hesabu yangu ya vifaa vya umeme. Ulikuwa msalaba.

Ikafika Jumapili moja, tukitoka kanisani, mke wangu akasema bila kupunguza mwendo: "Jumatano hii likigoma tunamwita yule mzee wa Oldonyo Sambu." Alikuwa mfugaji aliyewahi kuliona gari letu sokoni, akasema angelichukua hata kwa kusukuma, la kubebea mahindi na ndama. "Nitarudi kuuza cha kichwani, kama mama yangu alivyoanza."

Nilijua kwamba hatishi, na kwamba amekwisha kulia mahali ambapo sikumwona.

Jumanne mchana nilifunua turubai ili nipime mara ya mwisho. Mama alipanda taratibu kutoka kwake na kigoda mkononi, akakaa penye kivuli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo unampasua tena huyo mnyama?"

"Nampima tu."

Nikanawa mikono, nikafungua mlango, nikauchomoa msalaba na kuanza kuukunjia kitambaa.

"Huo unaupeleka wapi?"

"Nauweka pembeni, usichafuke."

"Siku zote ukitengeneza gari unautoa?"

"Siku zote, mama."

Alipiga magoti yake kwa viganja vyote viwili. "Ndiyo maana halitengenezeki! Mimi naweka ulinzi, wewe unaondoa ulinzi ndipo unaanza kazi. Vitabu vyote hivyo, na hili halimo? Urudishe."

Mke wangu alikuwa kizingitini akichambua maharage kwenye ungo. Mikono yake ilisimama.

Niliurudisha. Nilifanya hivyo kwa kumtii mama, si kwa fikra nyingine yoyote, na hilo nalisema kwa sababu watu wakisikia kisa hiki hudhani nilishtuka mapema. Nikaubandika, nikauchomeka, nikafunga mlango, nikaenda mbele, nikaunganisha taa yangu kati ya waya na betri.

Uzi ndani ya taa ukawa mwekundu kama kaa la moto.

Nilitenganisha, nikaunganisha tena. Ukawa mwekundu tena. Nikamwita mke wangu asimame mbele ya boneti, mimi nikaingia ndani ya gari na kufunga mlango.

"Iangalie hiyo taa," nilisema dirishani, na kuchomoa msalaba.

"Imezimika."

Nikauchomeka. "Sasa?"

"Imewaka."

"Na sasa?"

"Imezimika, baba watoto." Sikujua kama anacheka au analia.

"Mnacheza mchezo gani?" mama aliuliza.

Nilitoka garini na msalaba mkononi, nikachutama mbele ya kigoda chake. Nilimweleza kwa Kimeru, polepole, kwamba tundu la gari hili haliangalii ufunguo. Kwamba msalaba huu unakunywa kidogo sana, kama kuku, lakini unakunywa mchana na usiku. Kwamba kutoka Jumatano hadi Jumamosi betri inavumilia, na kutoka Jumamosi hadi Jumatano kuna usiku mmoja zaidi, na usiku huo mmoja ndio unaotushinda.

Alitazama gari, kisha migomba.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Si wewe, mama, ni huu waya..."

"Nani aliuchomeka?"

"Wewe."

"Basi ni mimi."

Niliogopa wakati ule kuliko siku niliyopunguzwa kazi. Kulikuwa na neno moja ambalo mke wangu angeweza kulisema, baada ya Jumatano zote zile, na angekuwa na haki ya kulisema. Aliweka ungo chini, akaja akachutama karibu yangu.

"Mama," alisema, "uliuambia uwake daima. Umekutii. Umekaa macho chini ya turubai, hakuna mtu anayeuona, mpaka umemaliza betri. Mlinzi kama huyu utampata wapi?"

Mama alimtazama. Mabega yakaanza kutikisika, na alipocheka alicheka mpaka akajifuta macho kwa pembe ya kanga, na mke wangu akacheka naye, wameshikana mikono. Mimi nilikuwa bado nimeshika waya.

Nilipopata nafasi nilisema naweza kufunga swichi, au kuuhamishia kwenye waya unaokufa na ufunguo. Nikaanza kuchora chini kwa kijiti.

"Swichi ya nini?" mama alisema. "Hata taa ya chumbani kwangu naizima nikilala. Huu nitauzima mwenyewe."

Muda wa kuipeleka betri mjini ikachajiwe ulikuwa umepita. Usiku ule gari lililala bila msalaba, na betri ikiwa kama inavyokuwa Jumamosi: imechoka, lakini haijaisha. Hivyo ndivyo nilivyokisia. Mke wangu hakuniuliza kama nina hakika.

Alfajiri mama alikuwa bandani kabla yetu, amejitanda kanga mbili kwa baridi ya mlimani. Nilizungusha ufunguo. Gari lilijivuta, likajivuta tena, mke wangu akashika ukingo wa dirisha, na likawaka. Mama alisubiri mpaka mngurumo ukatulia, akaingiza mkono dirishani, akauchomeka msalaba.

Jirani alikuwa amesimama kwenye Canter yake. "Leo mmemleta mchungaji yupi?"

"Leo tumemleta mama mkwe," mke wangu alisema, akaingia.

Juu migombani, mama mmoja aliyekuwa akimpa jirani mizigo kwa wiki kadhaa alikuwa wa kwanza kusimama na mkungu. "Nilijua mtakuja," alisema.

"Ulijua? Mbona juzi mkungu wako ulitupita ukiwa kwenye Canter?"

"Ulikuwa unawapungia mkono," yule mama alijibu, na wakaanza kupatana bei.

Mzee wa Oldonyo Sambu alikuja Jumapili kwa sababu zake mwenyewe. Mke wangu alimkaribisha chai ya maziwa na kumwambia haliuzwi.

Tulikuwa nalo miaka mingi, mama akipanda kila jioni ya soko kuuchomoa msalaba, kisha tukanunua lingine, kubwa kidogo. Nililipima siku ya kwanza: tundu lake linakufa ukitoa ufunguo. Nilimweleza mama kwamba sasa hana haja ya kupanda jioni, msalaba utajizima wenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hata hivyo," alisema.

Jioni ile alipanda kama kawaida, akauchomoa. Miguu yake ilikuwa imeanza kuwa mizito, na kuinua turubai kulimsumbua. Sijui ni lini mke wangu alianza, kwa sababu hakunitajia, lakini niligundua kwamba tukilifunika gari yeye hufunga kamba za pembe tatu tu. Pembe ya nne, ile ya upande wa nyumba ya chini, aliiacha wazi.