Mama Anatoli Aenda Mafunzoni

Mtaa mzima pale Ushirombo ulimwita Paskazia Mama Anatoli, na wanawake walioosha mchanga wa dhahabu machimboni walimwachia watoto wao kila asubuhi. Aliwanywesha uji, akawaogesha, akawalaza kwenye mkeka. Basi afisa ustawi wa jamii, binti mdogo tu, alipopita akisema kwamba kila anayelea watoto nyumbani kwake sharti apate mafunzo ya hisia za watoto ndipo apewe kibali, Paskazia alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Mwanangu, mtoto akishiba akalala, hisia gani tena?"

"Wewe njoo tu, mama," yule binti akamjibu.

Alikwenda shingo upande. Siku ya kwanza, kwenye ukumbi wa parokia, alisinzia. Siku ya pili mwalimu akauliza: mama akinyata na kuondoka ili mtoto asilie, mtoto anabaki akiwaza nini? Usingizi ukamruka. Alimkumbuka Loveness, binti wa Vumilia, mmoja wa wale wanawake wa machimboni, ambaye kila akigundua mama yake hayupo alikaa mlangoni na kumng'ata yeyote aliyemsogelea.

Mafunzo yalipokwisha, asubuhi iliyofuata alimzuia Vumilia mlangoni pake.

"Leo usitoroke. Muage."

"Atalia, Mama Anatoli."

"Acha alie. Mimi nipo."

Vumilia akachuchumaa. "Mama anakwenda kazini. Jioni nitakuja kukuchukua."

Loveness aliangua kilio hadi majirani wakachungulia. Paskazia alitaka kumtisha kwa paka, kama alivyozoea, lakini akajizuia, akaketi chini kando yake.

"Unamtaka mama," akamwambia. "Inauma, eeh?"

Mtoto akamtazama. Aliendelea kulia, ila kwa sauti ya chini, na baadaye akajilaza pajani pake.

Mambo hayakunyooka mara moja. Kuna asubuhi Loveness alimng'ata mwenzake mkono, na Paskazia akajikuta ameshika fimbo. Akaiweka chini. "Usimng'ate. Sema, nimekasirika." Loveness akasema, mate yakimruka. Yule mwenzake naye akasema amekasirika, na kwa kitambo nyumba nzima ikawa ya watu waliokasirika. Paskazia alilazimika kutoka nje acheke.

Wiki zikapita. Asubuhi moja Loveness mwenyewe alimsukuma mama yake mlangoni. "Nenda kazini. Halafu uje."

Vumilia alikwenda akigeuka nyuma kila mara. "Sasa naona mimi ndiye nitakayelia," akasema.

Kibali kilipotoka, Paskazia alikibandika sebuleni. Jioni hiyo mumewe, Wiliam, alirudi toka shamba la tumbaku amenuna, akasukuma kigoda, akakaa bila salamu. Zamani angemwacha hivyo hivyo.

"Umechoka au umekasirika?" akamuuliza.

Wiliam akamkodolea macho. Akafikiri kidogo.

"Nimechoka," akasema. "Na ndama wetu amenitia wasiwasi."

Akaanza kumweleza habari za ndama, kisha za mvua, kisha za kaka yake wa Ushetu ambaye hakuwa amemtaja tangu mavuno. Paskazia akamsogezea chai, akakaa kumsikiliza.