Saidi Alipoukataa Mua

Juzi mwenye duka alifungua mkebe wa shubiri mbele yangu, na ile harufu kali ikanirudisha kijijini kwetu Munje, miaka ya hamsini, kwa mdogo wangu Saidi na meno yake.

Saidi, nawaambieni, alikuwa habanduki kwenye ziwa la mama. Ameota meno, anafukuzana na kuku uani, na bado ananyonya. Siku alipomng'ata mama hadi akapiga ukelele, Bibi alilipaka ziwa shubiri, na huo ukawa mwisho wa kunyonya. Kila mgeni aliyepita kwetu ilimbidi asimuliwe kisa hicho.

Saidi alipokaribia umri wa kupelekwa chuoni kusoma Kurani, mama akatoweka. Bibi alituambia amekwenda Mombasa harusini. Harusi yenyewe haikwisha. Wanawake walikuja kumpa Bibi pole, nami nikajiuliza tangu lini harusi ikapewa pole. Kisha, nyuma ya ukuta wa makuti, tukamsikia mmoja akinong'ona kwamba ziwa la mama lilikuwa na uvimbe mbaya na madaktari wamelikata.

Basi Saidi akaacha kutafuna. Uji alikunywa, lakini muhogo hakuugusa. Baba, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sukari cha Ramisi, alipoleta mua, Saidi aliutazama kwa huzuni akaniachia wote, nami nikaula kwa raha zangu. Bibi akasema huo ni mchango, minyoo ya tumboni, akamchemshia mwarobaini. Saidi akaunywa bila kulia, na hapo Bibi akaingiwa na hofu hasa.

Mama aliporudi alikuwa amekonda, amejitanda kanga hadi shingoni. Jambo la kwanza aliloambiwa ni kwamba mwanawe hali. Akatuketisha mkekani.

“Saidi, mwanangu, una nini?”

“Nilikung'ata,” Saidi akasema, mkono mdomoni. “Ndiyo maana wamekukata.”

Bibi akakohoa, akaanza habari za harusi.

“Niwie radhi, mama,” mama akamwambia Bibi taratibu. “Watoto wamekwisha kujua.” Akamgeukia Saidi. “Ugonjwa huu unaitwa saratani. Umeota wenyewe ndani ya mwili. Hukuuleta wewe, wala hakuna aliyeuleta. Watoto wote hung'ata. Dada yako alining'ata kukushinda wewe.”

Saidi alinitazama kwa heshima ambayo hakuwahi kunipa. Nami nikauliza lililokuwa likininyima usingizi.

“Mama, utakufa?”

“Sijui, mwanangu. Daktari anasema wameuwahi. Mimi pia naogopa. Lakini leo nipo, na nina njaa.”

Tukacheka, hata Bibi, aliyekuwa akijifuta macho kwa ncha ya leso.

Mama aliishi hadi akawalea wanangu. Siku ile nilidhani tumefurahi kwa sababu amerudi tu. Nilipokuwa mama mwenyewe ndipo nilipofahamu alichotupa. Miaka yote iliyofuata nilimwamkia kila asubuhi na kumuuliza hali yake, na kwa kuwa aliwahi kuniambia “sijui”, kila aliponijibu “sijambo” nilimwamini.