Mwenyekiti na Mdogo Wake Washuka Ghorofa Kumi na Nne kwa Kamba

Saa mbili asubuhi, karakana iliyobanwa kati ya duka la rangi na kinyozi tayari inanuka chuma kilichoungua. Fundi wa kuchomelea, mwenye miaka thelathini na sita, amepiga goti sakafuni akiunga fremu ya kiti cha magurudumu. Kiti ni cha msichana wa miaka saba ambaye hajawahi kufika shuleni ila kwa kubebwa mgongoni na mama yake.

Hatua tatu kutoka hapo, dada yake anazungusha cherehani ya mkono, anashona turubai la kukalia. Miguu yake haijafanya kazi tangu alipougua polio akiwa na miaka mitatu.

"Hiyo fremu ni ya mtoto au ya tembo?" anauliza bila kuinua kichwa.

"Dada, mtoto anakua."

"Anakua, havimbi."

Fundi anachukua futi kamba na kupima upya. Amezidisha sentimita nne.

Mtaani, fundi huyu anaitwa Cheche. Dada yake anaitwa Mwenyekiti, na jina hilo limemkaa pande mbili: anaongoza chama walichokianzisha wawili hao miaka sita iliyopita, na kiti chenyewe anacho.

Chama kilianzia kwa mtoto wa jirani. Kiti alichopewa kama msaada kilikuwa na magurudumu membamba, na barabara ya mtaa ilikivunja ndani ya wiki tatu. Cheche akakifungia magurudumu ya baiskeli. Miezi miwili baadaye, wazazi kumi na mmoja walikuwa wamepanga foleni mlangoni, wengine na watoto mikononi.

"Nilitengeneza mpaka chuma kikaisha," anasema Cheche. "Tukaandika barua ofisi ishirini na tatu. Mbili zilijibu. Zote zilitutakia kila la heri."

Hapo ndipo Mwenyekiti alipotoa wazo. Kama watu hawaji kwenye karakana, karakana iwafuate barabarani. Mdogo wake atamsukuma kwenye kiti kilometa mia mbili na kumi, ndoo ya michango ikiwa mbele.

"Nilidhani ananitania," anakumbuka Cheche. "Kesho yake nikamkuta anaoka mikate ya safari."

Siku ya nne ekseli ilikatika wakiwa mlimani. Cheche alikaa kando ya barabara akasema yamemshinda, wanarudi nyumbani.  Dada yake alishuka kwenye kiti, akavaa ndala mikononi, akaanza kujivuta kupandisha mlima.

Magari yalianza kusimama. Mwanamume mmoja alimtupia noti mapajani, akasema, "Pole, mama," akageuka kuondoka. Mwenyekiti akamwita.

"Nilimwambia, pesa weka kwenye ndoo. Halafu niulize tunakwenda wapi."

Mwanamume yule aliuliza. Jioni alirudi na ekseli.

Safari hiyo ilizaa viti kumi na tisa. Mwaka uliofuata walivuka ziwa kwa mtumbwi kwa saa kumi na moja. Mwenyekiti, mwenye mikono iliyokomazwa na kusukuma magurudumu, ndiye aliyepiga kasia. Cheche alitapika njia nzima.

Lakini hakuna jaribio lililomtisha Cheche kama la mwezi uliopita. Mwanamume huyu huogopa hata kupanda ngazi ya kubadilishia balbu. Askari wa zimamoto waliwafundisha kwa wiki tano jinsi ya kushuka kwa kamba kutoka juu ya jengo la ghorofa kumi na nne. Watu mia sita walikusanyika chini, wengi wakiwa wameahidi kuchangia iwapo wote wawili wangefika ardhini kwa kamba.

Mwenyekiti alitangulia. Cheche alifuata kwenye kamba ya pembeni, na alipofika ghorofa ya tisa mikono yake ikagoma.

"Sikusikia tena kelele za watu," anasema. "Nilisikia meno yangu tu."

Dada yake, aliyekuwa ghorofa mbili chini yake, alifunga kamba yake na kusimama hewani.

"Mdogo wangu, usitazame chini. Nitazame mimi!"

"Dada, wewe ndiye uko chini!"

Watu waliokuwa madirishani waliangua kicheko. Cheche hakucheka. Askari aliyekuwa juu alimwambia Mwenyekiti aendelee kushuka, wao watamvuta ndugu yake arudi. Akakataa. Alining'inia pale dakika ishirini na mbili, mkanda ukimkata mbavuni, akimsimulia mdogo wake habari za majirani, nani kahama na nani kanunua kochi lisilopita mlangoni. Kwenye kisa cha kochi, Cheche alilegeza kamba kidogo. Kisha tena. Walifika chini pamoja.

Michango ya siku hiyo imetosha viti ishirini na sita. Tangu waanze, watoto sitini na wanane wamepata viti. Wengine thelathini na mmoja bado wanasubiri.

Ushindi huo haukuja bure. Bega la kulia la Mwenyekiti limechakaa, na daktari amemkataza kamba na kasia. Mwakani kuna mpango wa kupanda mlima, siku tano kwenda na kurudi, na safari hii Cheche atatangulia bila dada yake. Mama wanne wa watoto waliopewa viti wamejiandikisha kumsindikiza. Mwenyekiti atabaki kambini, chini kabisa, na redio ya mawasiliano.

Anaulizwa kama hachoki kubuni vituko ili watoto wapate haki yao ya kutembea. Anasimamisha cherehani.

"Nachoka. Natamani ifike siku mtu atoe bila kwanza kutuona tunaning'inia," anasema. "Lakini mimi nimekaa miaka arobaini na moja, na hakuna aliyewahi kuchanga kwa kuniona nimekaa."

Anakata uzi kwa meno, anakunja turubai, anamrushia mdogo wake. Leo mchana yule msichana anakuja kukijaribu kiti chake.