Kichwa cha Mama Evodie

Kama ulifunga ndoa katika kanisa letu hapa Kalemie, ndoa yako ilipita kwanza kwenye kichwa cha mama yangu, Evodie. Kabla ya kutangazwa, familia zote mbili zilikuja kukaa kwenye mkeka wake, zikataja mababu na mabibi, naye akasema kama kuna damu moja. Hakuwa na kitabu. Alijua nani kamzaa nani kutoka Moba hadi Nyunzu, na mimi, Nadine, bintiye, nilitembea kwa maringo kwa sababu hiyo.

Ikaja Korona, ikampata Mama. Kikohozi kilipona, kichwa kikabaki kizito. Alitia chumvi mara mbili, akapotea katikati ya maneno. Tukasema ni uchovu, mpaka siku aliporuhusu Chadrack na Ketsia waoane. Alisahau kwamba bibi zao walizaliwa tumbo moja. Shangazi yake Ketsia aliyefika na treni ya Nyunzu ndiye aliyezuia ndoa, ikiwa imebaki wiki moja. Watu wakanong'ona: amezeeka, amelogwa. Ana miaka hamsini na nne! Nilitaka kugombana na mtaa mzima.

Yeye akataka kupimwa. Kwenye kituo cha afya, muuguzi Cyrille alimtajia maneno matano: samaki, nyundo, kanisa, mvua, embe. Akamhesabisha kurudi nyuma, akamchoresha nyumba, kisha akamwomba maneno yale.

"Samaki," Mama alisema. "Embe." Akatafuta la tatu. Jasho lilimtoka puani. Sikuvumilia. Nikajifanya ninafunga kiatu, nikamnong'oneza, "Mvua."

Akanigeukia. "Nadine, wanapima kichwa yako ao yangu?" Kisha kwa Cyrille: "Papa Cyrille, ile ya mvua usiandike. Ni ya huyu mutoto. Mimi nimekumbuka mbili tu."

Niliona aibu, lakini sijawahi kujivunia mtu kama nilivyomjivunia yeye pale kwenye benchi.

"Haiko uzee, Mama, wala bulozi," Cyrille alimwambia. "Ni Korona njo iliacha hii. Nguvu inaweza kurudia polepole. Lakini usitegemee kichwa peke yake. Andika."

Jumapili alisimama mbele ya kanisa zima, yeye aliyewacheka wanaoandika. "Nilikosea juu ya Chadrack na Ketsia. Kichwa yangu iligonjwa. Kila muntu akuje kuniambia ukoo wake, nitaandika." Walikuja mwaka mzima, hata waliomsema.

Mwezi uliopita alikuja Ketsia mwenyewe, safari hii na Germain, kijana wa Manono. Angeweza kwenda kuulizia kwingine. Familia zikakaa kwenye mkeka. Mama alivaa miwani, akafungua daftari, kidole kikashuka mstari kwa mstari. Alichukua muda mrefu, na mimi nilifunga mdomo wangu.

"Hakuna damu moja," akasema. "Muoane."

Vigelegele vilipopanda, aliniinamia sikioni.

"Umeona, Nadine? Hakuna muntu alininong'oneza."