Wageni wa Mama Soli Huja kwa Miguu

Mama yangu hajawahi kumpikia mgeni hata siku moja, na bado hakuna mgeni aliyetoka kwetu na njaa. Yeye ni fundi viatu. Kibanda chake kiko darajani, pale barabara kubwa inapovuka kwenda kwenye mitaa ya magorofa na njia yetu inapochepuka kuteremka bondeni. Anaitwa Mama Soli, na mimi nakaa naye kibandani, nashona zipu za mabegi na kusikiliza maneno ya watu, kazi ambayo naiweza kuliko zipu.

Sheria yake ni kwamba mgeni wake haletwi mlangoni na gari. Mgeni huteremka naye kwa miguu, akapita kwa watengeneza magodoro, akapita kwa wakata vioo, akala njiani, akanawa uso chemchemini, ndipo akafika nyumbani kukaa na kunywa maji. "Nyumba yangu ni vyumba viwili," husema. "Nikimkaribisha mtu humo tu, nitakuwa nimemnyima kwangu."

Kwa safari hiyo huwaazima viatu. Kibanda kizima kimejaa misumari ukutani, na kila msumari una jozi ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Mama huwasubiri wenye viatu hivyo mpaka uvumilivu umwishie, kisha huvitia soli nene ya tairi na kuvitangaza kuwa mali ya wageni. Wameshavivaa watu wa kila aina, hata mchungaji mmoja aliyeteremka na raba za waridi.

Sasa, watu wa bondeni tuna ugonjwa wetu mmoja. Mtu akishapata kazi ya kuvaa shati la mikono mirefu, akiulizwa anakaa wapi anajibu, "Ng'ambo ya daraja." Asubuhi anatoka bondeni na viatu mkononi ili vumbi lisimsaliti, anavivaa kwenye benchi la mama, anamsalimia mama kwa sauti ya chini, na kufika ofisini kama mtu wa magorofani. Kaka yangu, karani wa bima, ugonjwa huo ulimshika vibaya. Nilimvumilia hadi siku alipotaka kuoa.

Mchumba wake, wifi yangu mtarajiwa, alilelewa na baba peke yake tangu mama yake afariki. Baba huyo ni daktari wa meno, na alisema neno moja tu: kabla hajasema ndiyo wala hapana, anataka kuona kijana anatoka nyumba gani. Kaka akamwambia anakaa ng'ambo ya daraja. Halafu akaja kibandani jioni, akasimama akishika kishikizo cha shati.

"Mama, mkwe anakuja Jumapili, na rafiki yangu ananiazima sebule yake kule ng'ambo. Chakula kitatoka hotelini. Wewe uje tu uvae vizuri, ukae."

"Nikae kama nani?"

"Kama mama yangu."

"Mama yako kwenye sebule ya nani?"

Mama akaendelea kugonga msumari kwenye kisigino ambacho kilikuwa kimeshagongwa kikaisha. Aliumia, niliona, na nilitamani kummwagia kaka gundi kichwani. Huyu ndiye mtoto aliyesomeshwa na kibanda hiki hiki, leo anataka mama yake aazimwe pamoja na makochi.

"Mwanangu," mama akasema mwishowe, "mimi siwezi kumkaribisha mtu kwenye kiti ambacho sijui kimechanikia wapi. Wapokee unavyotaka. Mimi Jumapili nitakuwa kazini kwangu."

Kaka hakuelewa kwamba mwenye kibanda darajani haepukiki. Jumapili ilipofika alikuwa ng'ambo tangu asubuhi, akitembea huku na huku mbele ya nyumba ya watu. Na sisi tulikuwa tumekaa zetu, mama na sindano yake, mimi na zipu, gari jeupe likapunguza mwendo na kioo kikashuka.

"Habari za hapa, mama. Samahani, tumepotea kidogo." Alikuwa mzee nadhifu, mwenye masharubu yaliyokatwa kwa rula. Akataja jina la kaka na kazi yake. "Anasema anakaa ng'ambo."

Nyuma yake niliona kichwa cha wifi kikizama kwenye kiti. Binti alijua kaka anatoka wapi. Mama naye aliweka sindano chini, akajipangusa mikono kwenye aproni, polepole.

"Huyo ni mwanangu," akasema. "Anakaa huku chini, na mimi mama yake. Karibuni sana. Gari liacheni hapa, halitaguswa."

Yule mzee alimtazama mama, akaitazama njia inayoteremka, akamgeukia binti yake. Hakusema kitu. Ukimya wa daktari wa meno ni mbaya, kwa kuwa huwezi kujua kama anafikiri au anatafuta koleo. Alipotoka garini mama alikuwa ameshamkagua, naye bila shaka alikuwa amemkagua mama. Tofauti ni kwamba mama huanzia chini na yeye huanzia mdomoni.

"Hivyo viatu vyako havitafika," mama akasema. "Ngozi ya soli ni nyembamba, na kule kuna mawe. Unavaa namba ngapi?"

Nilitumwa kumwita kaka. Nilivuka daraja nikikimbia, na sikumpa pole wala maelezo. "Baba mkwe wako yupo kwa mama," nilimwambia, "amevaa viatu vya msumarini." Kaka alitoka mbio na tai yake begani. Tulipofika, daktari alikuwa ameketi kwenye kigoda cha wateja, amekunja suruali, miguuni ana viatu vya kahawia vilivyoshonwa kwa uzi mwekundu pembeni. Kaka akamwamkia kwa sauti ya mtu anayemeza jiwe. Mzee akaitikia marahaba, basi. Tukaanza kuteremka.

Niseme ukweli, siku ile bondeni kulijua kwamba kunatazamwa. Kwa watengeneza magodoro pamba ilikuwa inapepea mlangoni, tukatoka pale na nywele nyeupe sote, wifi akicheka kimya kimya. Kwa wakata vioo, jua lilikuwa limepiga vioo vilivyoegemezwa ukutani, na tulijiona tukipita mara nyingi nyingi, msafara mzima: mama mbele na aproni yake, mzee na viatu vya kuazima, kaka nyuma akitazama chini asijione. Kila mtu alimwita mama, na mama akawajibu wote huku akimwonyesha mgeni: huyu ndiye aliyekata vioo vya hospitali kubwa, yule mama magodoro yake yanalaliwa hotelini. Alisema hayo bila kujidai, kama mtu anayeonyesha watoto wake. Mimi moyo ulinijaa. Nimezaliwa mle na sikuwahi kukuona kwetu kukiwa kuzuri hivyo.

Kaka jasho lilikuwa limechora ramani kwenye shati lake.

Tukafika kwa Moshi. Moshi ni mpishi wa maharage. Hana kibao wala meza zaidi ya mbili, ana sufuria moja kubwa nyeusi na vitunguu anavyovikaanga mpaka viwe karibu kuungua, anavimwaga juu, na mkate wake unatoka kwenye tanuri la jirani ukiwa bado unachoma vidole. Watu wa magorofani hutuma vijana kuyanunua, wakifika nayo kwao wanasema wamepika wenyewe. Alituwekea bakuli, akainama kumpa mzee kijiko, akabaki ameinama vile vile.

"Mzee," akasema, "hivyo viatu ni vyangu."

Kaka akafumba macho.

"Uzi mwekundu huo nilitia mwenyewe kabla sijavipeleka kwa fundi. Ni vyangu kabisa. Mama Soli, umevitoa wapi?"

"Kwangu, ulikoviacha," mama akajibu akimega mkate. "Umepita mbele yangu misimu yote hii hukuviulizia."

Moshi akakaa chini, bakuli la mtu mwingine mkononi. "Mimi nilijua vimeibwa. Nilijua kaviiba shemeji yangu. Tangu masika ya mwaka juzi simsemeshi shemeji yangu. Harusi ya binti yake sikwenda."

Kisha sauti ya ajabu ikatoka upande wa daktari. Nilidhani amepaliwa. Kumbe anacheka, mabega yanamtikisika, machozi yanamtoka, kijiko kimemponyoka. Wifi akashikwa na kicheko, mama akashikwa, mwishowe Moshi mwenyewe. Mzee akaanza kufungua kamba za viatu ili amrudishie mwenyewe, Moshi akamzuia.

"Usivue, mgeni wa Mama Soli havui viatu njiani. Maliza safari yako. Mimi leo naenda kwa shemeji, pekupeku kama itabidi."

Tulipomaliza kula, mzee akaomba kuongezewa maharage. Hapo nikajua tumbo limeshakubali, umebaki moyo.

Chemchemi yetu iko nyuma ya ukuta wa kiwanda cha sabuni, na hakuna mtu wa magorofani anayejua ipo. Maji yanatokea chini ya jiwe, yanatengeneza kidimbwi chenye matete, na pale kuna ndege mdogo wa bluu, mdomo mrefu, tunamwita mvuvi. Wenye nyumba za karibu hufagia pale kwa zamu. Daktari alinawa uso, akakaa juu ya jiwe, akamtazama mvuvi akipiga mbizi. Ndipo akasema bila kugeuka:

"Kijana. Nyumbani kwenu ni wapi?"

Kaka alimtazama mama. Mama alijifanya anaangalia ndege.

"Ni pale, baba," kaka akasema, akanyoosha mkono. "Mlango wa kijani, wenye ndoo nje. Nimezaliwa pale. Nilikudanganya. Niliogopa ukipaona utamchukua binti yako uondoke."

"Binti yangu ananiambia mmezunguka naye mji mzima. Hakuna bustani hamjakaa, hakuna mahali hamjala. Ila kwenu, hata kwa mbali hujampitisha. Nikasema huyu anaficha kitu, na mimi kwa umri wangu najua kijana huficha nini." Akapangusa masharubu. "Nilidhani una mke. Kumbe unaficha maharage."

Wifi aliziba uso kwa mikono. Mama ndiye aliyecheka kwanza, na nilipomwona kaka anacheka naye, mkono wake umeshika aproni ya mama kama alipokuwa mdogo, hasira yangu yote ya wiki ile iliniisha.

Nyumbani walikunywa maji. Mzee alisema ndiyo yake pale kwenye kochi letu, na mama akamwonyesha lilipochanika.

Wiki iliyofuata kaka alikuja kibandani kutoka kazini, akaketi kwenye benchi. Hakuvua viatu avishike mkononi kama zamani. Simu ikaita, alikuwa mjomba wa wifi, anakuja kupanga siku, anataka kuelekezwa. Darajani pamejaa watu wakati ule, tena wenye mashati ya mikono mirefu, wengine wakiwa wameinama kubadili viatu. Kaka akasimama katikati yao.

"Ukifika darajani usivuke, mjomba," akasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Hapana, ng'ambo si kwetu. Teremka. Sisi ni watu wa bondeni."

Mama hakuinua kichwa. Alikuwa anachagua kwenye misumari.

"Muulize anavaa namba ngapi," akasema.